Unga wa vitu kumi na kimoja

Shangazi yangu alinitumia kwa simu orodha ya unga wa uji wa mtoto, nami nikaipeleka Nyamakima, kule kwenye maduka ya nafaka katikati ya Nairobi, vilevile ilivyo. Wimbi, mtama, mawele, mahindi meupe, mahindi ya njano, mchele, mihogo mikavu, soya, njugu, omena (dagaa) na mbegu za terere (mchicha). Nafanya kazi katika duka la vipuri Kirinyaga Road, kwa hivyo Nyamakima ni hatua chache tu. Nilivuka saa ya chakula cha mchana, nikamsomea mwenye duka kimoja baada ya kingine, naye akawa anachota gunia hadi gunia na kumimina kwenye karai. Akakoroga kwa mkono. Kijana wake akalibeba karai hadi kwenye mashine nyuma ya duka, na kabla mapumziko yangu hayajaisha nikawa na kilo nne za unga wa kijivu, ungali moto, ndani ya mfuko wa kaki. Niliupakata kwenye matatu hadi nyumbani Umoja.

Niliuonea fahari unga ule. Binti yetu alikuwa anatimiza miezi sita wiki hiyo. Mke wangu ni mpishi katika hoteli moja mjini. Sheria ilimpa likizo ya miezi 3, na tangu arudi kazini alikuwa akikamua maziwa alfajiri, anayaacha kwenye kikombe chenye kifuniko, mtoto anyweshwe na mama anayelea watoto katika ploti yetu. Miezi sita yote mtoto hakuonja kitu kingine, hata maji. Hiyo ilikuwa kazi ya mama yake, na aliifanya huku amechoka kuliko mtu yeyote ninayemjua. Sasa ilikuwa zamu yangu. Nikajiambia, huyu mtoto atakunywa uji ambao hakuna kitu hakimo.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki, kijitabu chake mkononi, nikitazama ule mstari wa uzito. Ulikuwa ukipanda vizuri tangu azaliwe, halafu ukalala. Kilo 6.8 mwezi wa sita, kilo 6.9 mwezi wa nane. Katikati alikuwa ameharisha mara tatu. Mtaalamu wa lishe akamzungushia mkononi ule utepe wenye rangi, ukasoma sentimita 12.2. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Chini ya hapo ni nyekundu, na nyekundu maana yake ni utapiamlo mkali. Mimi nilikuwa nimebeba mtoto wa njano, na nyumbani nilikuwa na unga wa vitu kumi na kimoja.

"Baba mtoto, uji anakunywa na nini?"

"Na chupa, daktari."

"Mzito ama mwepesi?"

"Mwepesi, ndio upite kwenye tundu."

Hakunigombeza. Alichukua kikombe kilichokuwa mezani akaniuliza nadhani tumbo la mtoto wa kilo saba linaingia kiasi gani. Nikakisia vibaya. Ni kama mililita 200, kikombe kimoja kidogo. "Sasa," akasema, "ukikijaza kikombe hiki maji yaliyotiwa rangi ya uji, atashiba, atalala, na hajala kitu." Uji wa mtoto wa umri ule unatakiwa uwe mzito kiasi kwamba ukiinua kijiko unakaa kijikoni, hauchuruziki. Na apewe kwa kikombe na kijiko, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha. Uji hugandamana kwenye ule mpira wa kunyonyea na kwenye shingo, na vijidudu vinapata makao. Pale nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiisuuza chupa asubuhi kwa haraka huku naangalia saa.

Kisha akaniomba nimletee unga wenyewe kesho yake.

Nilipouleta aliufungua, akanusa, akanipa nami ninuse. Ulikuwa na harufu ya mafuta yaliyochacha. Nilikuwa nimeisikia harufu hiyo kila siku nikadhani ni omena, na omena kweli ilikuwemo, ila si hiyo tu. Njugu, soya na omena vina mafuta. Ukivisaga, mafuta yake yanakutana na hewa na joto, na baada ya wiki chache yanaharibika. Mimi niliusaga unga wa kilo nne kwa mtoto mmoja anayekula vijiko.

Halafu akaanza kuhesabu vidoleni. Soya huhitaji moto wa muda mrefu, la sivyo ina vitu vinavyouzuia mwili usimeng'enye protini vizuri. Mchele huiva haraka. Ukivisaga pamoja, unaukoroga uji dakika kumi, mchele umeiva, soya haijaiva, na mtoto anahara. Nafaka zina kitu kinachoshikilia madini ya chuma yasiingie mwilini, na ukirundika nafaka sita juu ya nafaka, hujaongeza lishe, umerudia kitu kilekile mara sita. "Na ukinijia kesho mtoto ana vipele mwili mzima," akamalizia, "utaniambia ni kipi kati ya hivi kumi na kimoja?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nianze na nafaka moja. Wimbi tu. Vingine vyote vije kwenye bakuli, siku hiyohiyo, vikiwa chakula ambacho naweza kukiona na kukinusa.

Nawaandikia haya kwa sababu unga wa aina hii uko kila mahali Nairobi. Umefungwa vizuri, umeandikwa kuwa una virutubisho vya kila namna, na wazazi wanaounua wanapenda watoto wao kama mimi ninavyompenda wangu. Shangazi yangu naye hakukosea nia. Amelea watoto watano. Lakini alilea mashambani Nyeri, ambako wimbi lilitoka kihengeni kwake, likasagwa kidogo kidogo, na maharagwe na viazi na maziwa vilikuwa palepale. Orodha ile ya vitu kumi na kimoja aliipata kwa wanawake wenzake wa chama. Hakuwahi kuitumia kwa watoto wake mwenyewe.

Kitu kimoja yule mtaalamu alikitaja kwa kifupi tu, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Alisema njugu moja mbovu huuchafua mfuko mzima. Aliyenieleza kwa kina ni mama mkwe.

Mama anatoka Makueni. Alikuja mwezi huo kutuona, na siku ya pili akauliza unga wa mjukuu wake ulitoka wapi. Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Mahindi na njugu, ni nani alichambua?"

Hakuna aliyechambua. Vilitoka guniani vikaingia karaini.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akatusimulia habari za mwaka 2004. Mke wangu alikuwa msichana mdogo wakati huo, na hata yeye hakuwahi kusikia mama yake akiizungumza kwa urefu hivyo. Mwaka ule mahindi yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu, watu wakala kwa sababu chakula kilikuwa hicho. Macho ya watu yakawa manjano, matumbo yakavimba, hospitali za Makueni na Kitui zikajaa. Walioandikishwa kuwa wagonjwa walikuwa 317, na waliofariki 125. Mama alizika jirani. Tangu siku hiyo hajapika punje ambayo hajaishika kwa mkono wake.

Sumu hiyo ndiyo wataalamu wanaiita sumukuvu, na sisi wengi tunaijua kwa jina la aflatoksini. Inatengenezwa na kuvu linaloota kwenye mahindi, njugu na nafaka nyingine zilizovunwa zikiwa hazijakauka au zilizowekwa mahali pa joto na unyevu. Jambo lililonishtua ni kwamba kupika hakuiondoi. Kuvu litakufa kwenye moto, ila sumu liliyoiacha inabaki kwenye ugali, inabaki kwenye uji. Mtu akila nyingi kwa wakati mmoja ini linaharibika haraka, kama 2004. Akila kidogo kidogo miaka mingi, inaweza kumletea saratani ya ini. Nchini Kenya kiwango kinachokubaliwa kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kamwe. Huenda mnakumbuka Novemba 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa lilipopiga marufuku unga wa mahindi wa majina matano uliokuwa madukani humu mjini. Nilikuwa nikinunua mmojawapo. Siku hiyo niliubadilisha nikanunua mwingine, mambo yakaishia hapo. Sikufikiri hata kidogo kuhusu magunia yaliyo wazi.

Basi Mama akanifundisha kuchambua, na hili nitalieleza pole pole kwa sababu ndilo lililobadilisha jikoni kwetu.

Unahitaji sinia pana, la rangi nyepesi, na mwanga wa mchana. Usichambue usiku chini ya balbu. Mimina konzi mbili tu kwa wakati, zitandaze zikae punje kando ya punje. Kwenye mahindi ondoa iliyobadilika rangi, yenye kijani au kijivu, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, iliyonyauka. Punje iliyovunjika ni mlango. Kuvu huingilia hapo. Kwenye njugu ondoa zilizosinyaa, zilizoota, zenye ngozi nyeusi, na pasua chache uone ndani. Onja moja, ikiwa chungu, iteme na uanze upya kuzitazama zote. Kisha nusa sinia zima.

Kuchambua hakuondoi sumu yote. Mama mwenyewe alilisema hilo bila kuulizwa: punje inaweza kuonekana nzuri na isiwe nzuri. Lakini sumu haigawanyiki sawasawa guniani. Hujikusanya kwenye punje chache zilizooza, na ukizitoa hizo umetoa sehemu kubwa. Ndiyo maana pia Wakamba hukoboa mahindi wakapika muthokoi: ganda na kiini, ambako sumu nyingi hukaa, vinaondoka. Mama anasema bibi yake hakujua neno aflatoksini, ila alijua mahindi ya kukoboa hayasumbui tumbo.

Nikamuuliza zile mbovu tuwape kuku wa jirani. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya pekee. Usimpe kuku. Usimpe ng'ombe pia, kwa sababu sumu hupita ikaingia kwenye maziwa, na maziwa yale anayanywa mtoto wa mtu. Zichome, au uzifukie.

Ule unga wa kilo nne tuliufukia. Iliniuma, maana niliulipia, lakini tuliufukia.

Siku hizi wimbi nanunua gorogoro moja tu, lile kopo la kupimia nafaka, zima, halijasagwa, tena kwa mama wa nafaka soko la Mutindwa anayekubali niingize mkono ndani ya gunia hadi chini. Juu ya gunia kila kitu ni kizuri. Chini ndiko utasikia ubaridi wa unyevu. Ninalipeta, naliosha mara nne au tano kwa sababu wimbi lina mchanga, nalitandaza kwenye shuka safi juu ya nyumba hadi likiumwa kwa meno lilie ka! Likikauka nusu nalirudisha kesho yake, sina haraka. Ndipo linaenda kisiagi, kwenye mashine ya kusaga. Jamaa wa kisiagi namwomba asage kwanza konzi moja ya wimbi langu aitupe, ili mabaki ya mteja aliyetangulia yatoke. Mwanzoni alinitazama vibaya. Sasa ananifanyia kabla sijasema.

Uji wenyewe naupika dakika ishirini na zaidi, mzito. Mke wangu alinionyesha njia moja ya kwao ya kuulainisha bila kuongeza maji: kimea. Unaloweka wimbi usiku kucha, unalifunika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu hadi lichipue, unalikausha vizuri kabisa, unalisaga. Kijiko kimoja cha unga wa kimea kwenye sufuria ya uji mzito, na uji unalegea mbele ya macho yako, halafu unauchemsha tena kidogo. Mtoto anaumeza kwa urahisi na kila kijiko bado kina chakula ndani yake. Ila kimea nakifanya Januari na Februari tu, jua likiwa kali. Wimbi bichi lililofunikwa wakati wa baridi ni kuualika ule ule ugonjwa tunaoukimbia.

Kisha bakuli. Leo avokado iliyopondwa. Kesho kiini cha yai, na sasa amekuwa mkubwa anakula yai lote. Ndengu zilizochemshwa zikapondwa na kupitishwa kwenye chujio. Malenge. Viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa, akivipata anasahau kila kitu kingine. Omena natoa vichwa, naosha kwa maji ya moto hadi mchanga uishe, napika na nyanya hadi zilainike, naponda zote na mifupa yake. Terere na managu (mnavu) badala ya sukuma peke yake. Njugu hapewi nzima, wala hatapewa hadi apite miaka mitano, maana zinakaba. Namsagia siagi yake kidogo kutoka njugu tulizochambua, inatosha siku tatu. Asali alingoja hadi mwaka mmoja kama tulivyoagizwa kliniki. Na chai tuliacha kumpa pamoja na chakula. Hili lilikuwa gumu nyumbani kwetu, sisi watu wa chai, lakini chai huyazuia madini ya chuma, na kipande cha chungwa baada ya chakula huyasaidia kuingia. Sasa anapata chungwa.

Mboga nazo. Mama mboga wetu anakata sukuma nyembamba kama nyuzi, na watu wanapanga foleni kwa ajili ya mkono wake. Ila anazikata hazijaoshwa, na ukiosha baada ya kukatwa, uchafu umeshaingia kwenye kila mkato na vitamini zinaondoka na maji. Nilimwambia, "Mama, niwekee majani mazima, nitakata nyumbani." Akadhani nimekasirika. Nikamweleza kuhusu mtoto. Siku hizi ana beseni la maji safi kando, anaosha kwanza kwa yeyote anayetaka. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ni wanunuzi wengi kuliko mimi wanaopita pale jioni. Na sote tunajua kuna mboga zinazolimwa kwa maji taka kandokando ya mito yetu hapa mjini. Huwezi kuzitambua kwa macho.

Kijana wetu mkubwa yuko gredi ya tatu, shule ya serikali. Mchana anakula Dishi na County, ule mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula cha shuleni ulioanza 2023: anagusisha bangili yake kwenye kifaa, analipa shilingi 5, anapewa wali na maharagwe au ndengu. Kabla ya hapo pesa yake ilikuwa inaishia kwa smoki (soseji) na juisi ya rangi iliyofungwa kwenye karatasi langoni mwa shule. Sitaki kuwalaumu wanaouza. Nao wana watoto. Lakini soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na zaidi, karibu vijiko 8 vya chai. Nilimpimia vijiko hivyo kwenye bilauri ya maji akaviona. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata aliomba maji ya ndimu.

Mwezi wa kumi utepe ulisoma 12.9. Sasa binti ana mwaka mmoja na miezi mitatu, kilo 9.6, anatembea akishika ukuta, na mstari wake kwenye kijitabu umerudi kupanda. Yule mtaalamu wa lishe aliugusa kwa kidole hadi mwisho, akaandika tarehe ya kurudi.

Mama alirudi Makueni, lakini kila akipiga simu swali la kwanza ni jua. Jana nilimwambia kweli: ni Julai, Nairobi imefunikwa na wingu wiki nzima, na wimbi liko juu ya nyumba siku ya nne sasa na bado likiumwa halilii. Akasema nilitoe shukani nilitandaze ndani, karibu na jiko, nisilirundike, na nisilipeleke kisiagi kwa kuwa tu unga umekwisha.

Unga umekwisha tangu jana. Asubuhi hii alikula malenge na yai.